Wajina wa Mama

Mchezo wenyewe ulikuwa mzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu yanayofuata yatamfanya msomaji adhani niliuchukia, na sikuuchukia hata siku moja. Niliwachukia watu.

Kampuni mbili za kutengeneza gemu za ngumi, ambazo kwa miaka zilikuwa zikinyang'anyana wateja, zilipatana zikawaweka wapiganaji wao kwenye diski moja. Wale wa kampuni ya kwanza walichorwa kwa mistari minene, mabega yamejaa kama magunia ya mahindi yaliyoshindiliwa. Wale wa kampuni ya pili walikuwa wembamba, macho makubwa, nywele zikipepea hata kwenye jukwaa lisilo na upepo. Kila mmoja alikuja na mazoea ya kwao. Wanene wakiruka walichukua muda kutua. Wembamba walikuwa na teke la chini, la haraka, ambalo wenzao hawakuwahi kufundishwa kulizuia. Basi ungemwona mtu aliyekuwa mfalme kwenye gemu yake anagaragazwa na kisichana ambacho huko kwao hakikuwa hata na cheo. Mimi hilo lilinipendeza kuliko chakula. Ukoo dhidi ya ukoo, na hakuna wa kusema "kwetu hatupigani hivyo."

Nilikuwa darasa la saba, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, nasi tulikaa Tuwan, mjini Kitale. Kuona watu wasiofanana wamesukumwa mahali pamoja halikuwa jambo geni kwetu. Ploti yetu ilikuwa na familia ya kutoka Nyeri iliyofuata mashamba ikaishia kuuza viazi, na mwanamke wa Kinubi aliyesuka vikapu, na sisi. Choo kimoja, bomba moja, na kila mtu aliamini mwenzake ndiye mchafu.

Chumba cha gemu kilikuwa nyuma ya kinyozi. Mabenchi mawili, televisheni mbili, pazia mlangoni la kuzuia jua lisiangukie skrini. Diski yetu ilikuwa ya kunakiliwa, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Majina ya wapiganaji yalitokea juu kama njiti za kiberiti zilizomwagika, nasi hatukuweza kusoma hata moja. Lakini huwezi kumtukana mtu asiye na jina, wala kumsifu. Ndipo vijana wakaanza kuwapa wapiganaji majina ya watu wa mtaani. Aliyerusha moto akawa Muuza Makaa. Wa kanzu ndefu nyeusi akawa Kasisi. Mzee mwenye fimbo inayorefuka akawa Mwalimu wa Hesabu, na hapo hakuna aliyepinga. Mwenye upanga wa dhahabu, mzuri kuliko wote, akawa Mzee wa Hadiwea, mwenye duka la mabati na misumari, kwa kuwa mwanawe alikuwa mmoja wa vigogo wa chumba kile na wengi wetu tulikunywa soda yake. Ilikuwa kazi ya akili, siwezi kukataa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Kisha wakafika kwa lile jitu. Alikuwa mmoja wa wale wa mistari minene, mwanamume, lakini kiuno kipana, kitambaa kimefungwa mbele kama aproni, mguu wa kushoto mzito akiuburuta kila alipopiga hatua. Pigo lake kubwa halikuwa ngumi wala teke. Alimwangusha adui, akageuka, akamkalia. Skrini ikatikisika. Chumbani pakawa kimya kidogo, kile kimya cha watu ambao wote wamefikiria jambo moja na wanangojana nani aliseme.

"Mama Mandazi," akasema mtoto wa hadiwea.

Mama Mandazi alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa mnene, ndiyo. Mguu wake wa kushoto ulivimba alipomzaa dada yangu mdogo na haukuwahi kurudi ulivyokuwa; aliufunga bendeji asubuhi na kuufungua usiku, na katikati ya hapo aliuvuta. Alikuwa mtu wa Bungoma aliyeolewa Kitale. Baba alikuwa Kachibora kwenye shamba la kukodi, akija nyumbani alipokumbuka kwamba ana nyumba. Aliyetulisha ni Mama, kwa mandazi aliyoyachoma alfajiri na tena mchana, akazungusha beseni kwenye maduka yote ya upande wetu. Wenzangu baba zao walipewa mapanga na mabawa. Mama yangu akapewa makalio.

Ningeondoka siku hiyo, nisirudi. Watu wazima niliowasimulia wameniuliza mbona sikuondoka, na swali hilo ni la watu ambao hawajawahi kuwa hodari katika jambo lolote. Mimi nilikuwa hodari. Shuleni nilikuwa wa katikati, kwenye mpira nilikuwa wa kuokota mpira, lakini nikishika pedi vidole vyangu vilijua mambo ambayo kichwa hakikujua. Mahali pekee Kitale nzima ambapo watu walinisogezea nafasi kwenye benchi ni pale. Sikuwa tayari kuwaachia. Nilichotaka ni jambo moja tu: Mama asije akamwona yule mpiganaji, wala asijue anaitwa nani.

Mwenye chumba alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kila chumba cha gemu: aliyepigwa anatoka, aliyeshinda anabaki na pedi. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe: mtu hachezi mzazi wake. Aliitunga baada ya mtoto wa bucha kumrarua mwenzake shati wakigombea nani ana haki ya kumchagua Bucha. Alisema si adabu mtoto kumwendesha mzazi wake kwa vidole gumba. Alikuwa mtu wa swala tano, ukoo wake ulikaa karibu na msikiti tangu zamani, na tuliona amenena kwa busara. Busara gani! Kwa sheria hiyo mimi sikuweza kumchagua Mama. Wengine wote waliweza. Nao walimchagua kila nilipokaa kwenye benchi, ili nikitaka kubaki na pedi, nimpige.

"Mpige mamako!" walipaza sauti. "Si umpige, unaogopa nini bana? Atakunyima chai?"

Nikimpiga, walinihesabia ngumi kwa kelele na kuniuliza kama kweli nilinyonya ziwa la huyo. Nikipigwa, Mama alinigeuzia mgongo akanikalia, na chumba kizima kikaruka juu. "Mama Mandazi amekaa! Toka, toka, enda ukaoshe beseni!" Halafu nilipata konzi kichwani kutoka kwa kila aliyekuwa kwenye benchi, maana hiyo nayo ilikuwa desturi ya aliyeshindwa. Mtoto wa hadiwea alikunja kidole cha kati kikatokeza, akapiga palepale alipopiga jana.

Nilijifunza kumpiga. Sitaomba radhi kwa hilo, maana hakuna aliyekuja kuniokoa. Nilijua kwamba alipoinua mguu mzima kuja mbele, ule mzito ulikuwa umebaki nyuma, na hapo alikuwa wazi kwa teke la chini. Nilijua akikosa kukalia mtu alichelewa kuinuka. Nilijua kila udhaifu wa mwili ule. Nikirudi nyumbani nilimwona Mama akiinuka kutoka kwenye kigoda cha jikoni, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye goti, na vidole vyangu vilicheza vyenyewe. Hilo ndilo walilonifanyia. Sikuweza tena kumwona mama yangu anatembea bila kuona mahali pa kumpiga.

Kilichonilinda ni adhana. Mama hakuwa na saa, alikwenda kwa adhana, ingawa alikuwa mtu wa kanisa. Alasiri ikiadhiniwa, alibeba beseni, na kituo chake cha kwanza kilikuwa chumba cha gemu. Sasa mwenye chumba, adhana ikianza, alizima sauti ya televisheni na kumtandika kibao yeyote aliyepaza sauti yake. Kucheza tuliendelea, kimya, pedi zikilia tu kama meno ya panya. Kwa hiyo kila Mama alipofika, alikuta chumba kimetulia kama darasa lenye mwalimu. Hakupita pazia. Mwenye chumba alitoka kumpokea mandazi mlangoni, akiwa na haraka ya kwenda kutawadha. Mama alituchungulia migongo tu, akasema, "Hawa watoto wana adabu sana," akaenda zake.

Migongo ile ilikuwa inatetemeka kwa kicheko. Mimi nilikaa katikati yao nikiomba Mungu, wa kwao na wa kwetu, Mama asije akachelewa akakuta sauti zimerudi.

Mwenye chumba alikuwa na ndugu aliyefungua chumba kama hicho Bungoma, karibu na soko. Wakakubaliana washindanishe wachezaji wao. Tulichaguliwa wanne, mimi na mtoto wa hadiwea tukiwemo, na Jumamosi asubuhi pikapu ya babake ikatubeba nyuma pamoja na mabati. Tulikula miwa tangu Webuye tukitema maganda barabarani. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu majina yalipotolewa, kwa kuwa Bungoma hakuna aliyemjua Mama isipokuwa ndugu zake, na ndugu zake hawakuwa watu wa gemu.

"Karibuni, bana," akasema kijana wa Bungoma aliyetupokea mlangoni. "Tumewangojea sana. Reo mtaria." Alisema kwa r ya watu wa Mama, pale wengine tunapoweka l.

Walikuwa na diski ile ile. Lakini wao hawakuwapa wapiganaji majina ya watu, waliwapa majina ya vitu. Wa moto alikuwa Stovu. Mzee wa Hadiwea, mwenye upanga wake wa dhahabu, alikuwa Kijiko, na nilipolisikia hilo roho yangu ilitabasamu. Yule jitu wa mguu mzito aliitwa Treni. Walimpenda. Alipotokea walipiga honi kwa midomo, poo, poo, na wakamsogezea magoti apite kana kwamba angetoka kwenye skrini akahitaji njia.

Nilimtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwanamume mnene amevaa aproni, basi. Alitembea pole kwa sababu hakuwa na haraka. Uso wake, ambao Tuwan sikuwahi kuuangalia, ulikuwa mpole, hata wa mtu anayekumbuka kitu kizuri. Na sheria ya mzazi haikuwepo, maana hapo hakuwa mzazi wa mtu.

Nikamchagua.

Hakuna aliyewahi kumcheza Treni kama mimi siku ile, na sijisifu, nasema kilichotokea. Mtu aliyempiga kwa miezi anajua vizuri mahali anapopigwa kuliko aliyemcheza kwa miezi. Nilijua wangekuja na teke la chini nikauondoa mguu kabla halijafika. Nilijua wangengoja nikose kukalia, basi sikukosa. Niliwatoa Wabungoma mmoja baada ya mwingine, na walipotoka walinipa mkono badala ya konzi. Chumba kilijaa. Watu wa sokoni wakaja kuchungulia, na miongoni mwao mjomba wangu, kaka yake Mama, aliyekuwa akitengeneza baiskeli za bodaboda ng'ambo ya barabara. Alikuja na mikono ya grisi, akauliza ni nani huyo anayeshangiliwa, akaambiwa ni kijana wa Kitale, akaniona. "Huyo ni wetu!" akapaza sauti. "Huyo ni mtoto wa dada yangu!"

Mtoto wa hadiwea alikuwa amekwisha pigwa mapema, tena akimcheza babake mwenyewe, ambaye huko alikuwa Kijiko tu. Alisimama ukutani na uso wa mtu aliyekula limau. Honi za Treni zilipopigwa mara nyingine, alishindwa kuvumilia.

"Huyo si Treni," akasema. "Sisi kwetu huyo ni Mama Mandazi. Ni mamake. Huyu msee anacheza mamake."

Wabungoma wakacheka, lakini kicheko cha kutoelewa, wakarudi kwa honi zao. Aliyeelewa, kwa namna yake, alikuwa mjomba. Alinishika bega na mkono wenye grisi, machozi yamemlengalenga.

"Mumempa jina ra dada yangu?" akaniuliza. "Huyu mwenye nguvu kuriko wote?"

Kwa watu wa Mama jina si mzaha. Mtoto hupewa jina la mtu ili mtu yule aendelee duniani, na aliye hai akisikia kuna kiumbe kimepewa jina lake, hupika, hubeba chakula, akaenda kumwona wajina wake. Kwenda mikono mitupu ni aibu. Mjomba hakuona mtu anatukanwa. Aliona mji mzima wa Kitale umekaa chini, umemtafuta mtu wa kumheshimu, ukamchagua dada yake. Kosa lile lingeweza kufanywa na watu wema tu, na ndiyo maana nilitamani kumpiga.

Alikuja Kitale juma lililofuata kununua tairi, akapitia kwetu. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia akimsimulia Mama sebuleni: watu walivyojaa, honi zilivyolia, yule aliyebeba jina lake alivyowaangusha wote, na mimi nilivyompigania.

"Mimi?" akauliza Mama. "Wamempa jina rangu mimi?"

Sijawahi kumsikia tena kwa sauti hiyo. Alikuwa mtu ambaye hakuna kilichoitwa kwa jina lake, hata mtoto. Dada yangu alipewa jina la mama mzaa baba, kama inavyotakiwa. Jioni hiyo alinipakulia nyama nyingi kuliko yake.

"Hukuniambia," akasema.

"Ni mchezo tu, Mama."

"Mchezo gani una jina ra mtu? Nitaenda kumwona."

Nilimwambia chumba kina moshi. Nilimwambia mwenye chumba hapendi wanawake waingie. Nilimwambia televisheni imeharibika. Kila uongo niliouleta aliupokea kwa tabasamu, akidhani naona haya kusifiwa. Akasema Ijumaa nikitoka shule atakuwa amechoma mandazi ya sukari nyingi na iliki, na hayo hatauza.

Alhamisi nikamwendea mtoto wa hadiwea dukani kwao. Sikuwahi kumwomba kitu maishani. Nikamwambia Mama anakuja, na nikamwambia anakuja kwa nini. Nilimweleza desturi yote, chakula, wajina, mikono mitupu, nikidhani ukimwonyesha mtu ukubwa wa jambo ataogopa kulivunja. Nikamwomba kesho asiseme neno, wamchezee yule mpiganaji kidogo, ashinde, Mama afurahi, aondoke.

Alinisikiliza akichezea misumari kwenye debe. "Iko poa, bana," akasema. "Usijali. Tutamheshimu masa wako."

Niliondoka nimemshukuru. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko konzi zote, kwamba nilimpa mkono nikamshukuru.

Ijumaa mwalimu wa zamu alitubakiza tufagie uwanja kwa sababu ya kelele za darasa jingine. Nilikimbia kutoka shuleni, mkoba ukinipiga mgongoni, na nilipofika nje ya kinyozi sauti ya televisheni ilikuwa juu, kwa kuwa alasiri ilikuwa bado. Mama hakungoja adhana. Hakuwa akija kuuza, kwa hiyo hakwenda kwa saa ya kuuza.

Nilipofungua pazia nilimwona amekaa benchi la mbele, katikati. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooshwa mbele yake, na bendeji alikuwa ameifua. Sahani ya mandazi, imefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa, ilikuwa mapajani mwa kijana mmoja aliyeishikilia kama yai. Pedi ilikuwa mikononi mwa Mama. Kando yake alikaa mtoto wa hadiwea. Hakuna aliyekuwa anacheka. Wangekuwa wanacheka ningejua la kufanya.

"Umecherewa," Mama akasema bila kugeuka. "Kaa."

"Mama, twende nyumbani."

"Kaa kwanza."

Mtoto wa hadiwea akainuka, akanipisha, akanipa pedi ya pili kwa mikono miwili, kama mtu anayemkaribisha mgeni wa heshima. "Tumemfundisha kupiga," akasema. "Ako sawa tu."

Nilimtazama mwenye chumba, mtunga sheria za adabu. Alikuwa nyuma ya televisheni akipanga nyaya ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Kwenye skrini walikuwa wamekwisha chagua. Upande mmoja yule jitu. Upande wa pili yule kisichana mwembamba wa teke la chini, mpiganaji wangu wa siku zote. Pambano likaanza. Mama alibonyeza kila kitu kwa wakati mmoja, mdomo wazi kidogo, mwili wote ukiyumba kulia na kushoto kufuata skrini, na mpiganaji wake akaja akiburuta mguu, akipiga hewa. Mimi sikubonyeza. Kisichana wangu akasimama palepale. Alinifikia, akaniangusha kwa bahati, akageuka, akanikalia. Skrini ikatikisika. Hakuna aliyeruka juu.

Raundi ya pili ikaanza, na Mama akaacha kubonyeza. Wapiganaji wawili walisimama wakitazamana, wakipumua vile wanavyopumua wakisahauliwa.

"Mbona hunipigi?" akaniuliza.

Nikaondoa vidole gumba kwenye vitufe.

"Si ati kira siku unanipiga? Wamenionyesha." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ile anayotumia kuuliza bei. "Wamenionyesha vire unafanya, na vire wao wanasema. Ati mguu huu ukibaki nyuma, ndio unapiga hapo."

"Mama, tafadhali."

"Piga. Mimi nimekuja kuona."

"Sitaki."

"Unataka waseme hata hapo umeshindwa?" Aligeuka akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie, na sikuona machozi, aliniangalia kama anavyoangalia mafuta kwenye karai kujua kama yameiva. "Nipige, mtoto wangu, twende nyumbani."

Nikabonyeza. Teke la chini, mguu mzito ukiwa nyuma. Akainuka, nikapiga tena. Nilijua ningemaliza kwa haraka, nikamaliza kwa haraka, na katika raundi ya mwisho pia, vidole vikienda vyenyewe, nami nikiwachukia wote waliokuwa ndani ya chumba kile chuki ambayo miaka haijaipunguza, mwenye chumba akiwa wa kwanza. Mama hakuondoa macho kwenye skrini. Kila pigo lilipofika alirudisha bega kidogo nyuma.

Yule jitu alipoanguka mara ya mwisho, Mama aliweka pedi kwenye benchi, taratibu, kama kitu cha watu.

"Haya," akasema.

Akachukua sahani kutoka kwa yule kijana, akafunua kitambaa, akaanza kugawa. Alimpa mtoto wa hadiwea kwanza kwa kuwa alikuwa karibu. Alimpa kila mmoja mkononi mwake, na kila mmoja akasema asante mama, sauti zao zimekuwa ndogo kama za watoto wa chekechea. Akainuka, mkono kwenye goti, akampelekea mwenye chumba lake nyuma ya televisheni. Akanipa langu. Likabaki moja kwenye sahani, kubwa kuliko yote, ambalo alikuwa amelipasua juu kwa alama ya msalaba kabla ya kulichoma.

"Hii irikuwa ya wajina," akasema.

Aliitazama televisheni. Kisha akaketi tena kwenye benchi, akalila. Alilila lote, polepole, akitafuna na kumeza, na chumba kizima kikamngoja na mandazi yake mikononi bila mtu kuthubutu kuuma. Alipomaliza alijipangusa mafuta kwenye ncha ya kanga, akaniambia nibebe sahani.